Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuunda Baiskeli ya Umeme Yenye Betri Kwenye Fremu, Tabora

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila baiskeli yenye mota inaposimama mahali penye watu, iwe Isevya, Ng'ambo au Kiloleni. Yamejibiwa kwa kumfikiria mtu wa Tabora: barabara tambarare, mchanga mwingi, jua kali, na mzigo kwenye keria. Mtu wa Kigoma ana swali lake huko chini, maana vilima vina hesabu nyingine.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya kawaida. Inafaa, au nitafute nyingine?

Inafaa, ila ujue kazi iko wapi. Fremu yake ni ya chuma, imara, na pembetatu ya katikati ni kubwa kuliko ya baiskeli nyingi za kisasa. Kwa mtu anayetaka kuweka betri humo, hiyo ni neema.

Shida iko kwenye magurudumu. Rimu ya mtindo huu ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa. Mota nyingi zinazouzwa zikiwa tayari zimesukwa kwenye rimu ya "inchi 28" zina kipenyo cha 622. Namba iliyoandikwa nje ni ileile, lakini tairi yako haiingii. Hata ukinunua tairi ya kuiingia, zile breki za vyuma vya kuvuta, zinazobana rimu upande wa ndani, hazitapata pa kushika kwenye rimu mpya. Watu hugundua hili mzigo ukishafika kutoka Dar, hela imeshatoka.

Una njia mbili. Ya kwanza: nunua mota tupu, umpe fundi aisuke kwenye rimu ya 635. Hesabu matundu kwanza, kwa sababu rimu za mtindo wa zamani mara nyingi zina matundu 32 mbele na 40 nyuma, na mota nyingi zina 36. Spoki nazo ziwe nene: zile za kawaida za milimita 2 zinakatika mapema, tafuta za 2.3 au 2.6, na urefu wake upimwe upya kwa kuwa habu ya mota, yaani kitovu cha gurudumu, ni pana. Ya pili: anza na baiskeli ya gia ya mtumba, ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 26. Uwazi wa fremu nyuma uwe milimita 135 na mbele 100, ndivyo vipimo ambavyo mota nyingi zimetengenezewa. Asiyekuwa na fundi msuka spoki anayemwamini, ninamshauri hii ya pili bila kusita.

Kwa nini betri ikae kwenye fremu? Kwenye keria si rahisi zaidi?

Kwenye keria ni rahisi kwa anayefunga. Kwa anayeendesha ni tabu.

Kwanza, keria ya Tabora ina kazi yake. Hapo panakaa gunia la mkaa, madumu ya maji, ndoo za asali, au mtu mzima na mtoto wake. Ukiweka betri hapo umepoteza sehemu ya mzigo, au utapanga mzigo juu ya betri, na hilo ni baya zaidi. Pili, uzito wote ukiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Yeyote aliyewahi kubeba magunia mawili anajua usukani unavyoanza kucheza. Ongeza kilo tano au saba za betri hapohapo, halafu ongeza mwendo wa mota, na ukiingia kwenye mchanga usukani hautakusikiliza.

Tatu ni mtikisiko. Keria iko mwisho wa baiskeli, kila shimo inalipokea lote. Katikati ya fremu pametulia zaidi. Ndani ya betri kuna seli nyingi zilizounganishwa kwa vipande vyembamba vya nikeli, na vipande hivyo huuawa na mtikisiko kuliko kitu kingine chochote.

Wazo lenyewe si la jana. Ogden Bolton wa jimbo la Ohio, Marekani, alipata hataza ya baiskeli ya umeme tarehe 31 Desemba 1895, mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma na betri imening'inia ndani ya pembetatu ya fremu. Tangu hapo betri imebadilika sana, lakini mahali pake pazuri ni palepale.

Ninunue mota ya aina gani?

Kwa ardhi yetu, mota ya kwenye habu inatosha, na ikae nyuma. Gurudumu la mbele likiwa na mota kwenye mchanga linateleza na kuchimba, kwa sababu uzito wako hauko juu yake.

Mota za habu ziko za namna mbili. Yenye gia ndani ni ndogo, haikukokoti ukiwa umeizima, na ina nguvu ikitembea polepole. Udhaifu wake ni gia za nailoni zilizomo ndani: ukiipakia kupita kiasi zinalika meno. Isiyo na gia ni kubwa, nzito, karibu haina cha kuharibika, lakini haipendi kutembea polepole na mzigo. Umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Wapenda mbio huichagua hii. Mimi kwa mtu wa mizigo nachagua yenye gia, wati 350 hadi 500.

Kuna namba ambayo wauzaji hawaitaji mpaka uwaulize: mizunguko kwa dakika. Gurudumu la inchi 26 husogea karibu mita 2 kwa mzunguko mmoja. Mota ya mizunguko 250 itakupa kama kilomita 30 kwa saa bila mzigo. Ya mizunguko 330 itakupa karibu 40, na itakuwa goigoi ukibeba gunia. Chukua ya polepole.

Wati 1,000 si bora kuliko 500?

Kama una betri ya kuzilisha, breki za kuzisimamisha na fremu ya kuzibeba. Kwa kulinganisha tu, Ulaya baiskeli ya kusaidiwa na mota inaishia wati 250 na kilomita 25 kwa saa, na watu wanakwenda kazini nayo kila siku. Hela ya hizo wati za ziada iweke kwenye betri.

Volti 36 au 48?

48. Kwa nguvu ileile, ampea zinapungua, waya zinapoa, kontrola (kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota) inapumua. Baiskeli nyepesi ya kwendea shule au ofisini inaweza kukaa na 36 bila tatizo.

Nina betri ya sola nyumbani, ile ya maji au ya jeli. Siwezi kutumia hiyo?

Unaweza. Utahitaji nne za volti 12. Nne za ampea-saa 12 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) zina uzito wa kilo 16 hivi, na ukizivuta kwa nguvu ambayo mota inataka hazikupi hata robo tatu ya kilichoandikwa. Pia hazipendi kumalizwa: ukizishusha mpaka chini kila siku, baada ya miezi utazisikia zimechoka. Kwa kujaribu kama mota inazunguka, sawa. Kwa kuendea Ipuli na kurudi kila siku, hapana.

Basi betri ya lithiamu. Mbona ziko aina nyingi?

Za kukuhusu ni mbili, na hapa ndipo pa kutumia akili kuliko sehemu nyingine yote.

Aina ya kwanza ni ile ya seli ndogo za 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, kama zilizomo kwenye laptopu. Kila seli ni volti 3.6 au 3.7, ikijaa ni 4.2. Ukipanga 13 kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata ili volti zijumlike, unapata betri inayoitwa ya volti 48, ikijaa inafika 54.6. Kila moja ya hizo 13 inakuwa na wenzake sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ili ampea-saa zijumlike: ukiweka tano tano za ampea-saa 3, unapata ampea-saa 15 kwa seli 65. Uzito wa seli zenyewe ni kilo 3 na kidogo. Ni nyepesi, ndogo, na inabeba moto mwingi ndani yake ikikosewa.

Aina ya pili ni ya chuma na fosfati, wengi wanaiita LFP au LiFePO4. Seli yake ni volti 3.2, ikijaa 3.65. Unapanga 15 au 16 kwa mfululizo. Kwa umeme uleule ni nzito na kubwa zaidi, lakini inavumilia joto, si rahisi kushika moto, na inachajiwa mara elfu mbili na zaidi wakati ile nyingine huanza kuchoka kati ya mara mia tano na elfu moja.

Vitabu vya wenzetu vinasifia ile ya kwanza kwa sababu baiskeli zao zina fremu nyembamba na pembetatu ndogo. Sisi tuna pembetatu ya Phoenix. Seli za LFP za aina ya 32700 zina kipenyo cha milimita 32 na urefu wa 70, ampea-saa 6 kila moja. Panga 16 kwa mfululizo na mbili sambamba, jumla seli 32: ampea-saa 12, kama wati-saa 600 (volti mara ampea-saa), chini ya kilo 5 bila sanduku. Tatu sambamba ni wati-saa 900, karibu kilo 7. Zote zinaingia. Kwa jua la Oktoba la hapa na baiskeli inayolala nje ya duka mchana kutwa, mimi naona LFP ndiyo ya Tabora. Angalia jambo moja tu: 16 zikijaa zinafika volti 58.4, kwa hiyo fungua kontrola usome volti zilizoandikwa kwenye kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme. Zikiwa za volti 63, endelea. Zikiwa za chini ya hapo lakini zaidi ya 55, panga seli 15.

Nina mtu anauza seli za laptopu zilizotumika. Nijitengenezee?

Swali hili linaulizwa kuliko mengine, na jibu langu halijawahi kumfurahisha muuzaji.

Seli ya laptopu imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo. Mota ikianza kuvuta ampea 20, betri yenye tano sambamba inatoa ampea 4 kwa kila seli. Seli nyingi za laptopu, hata zikiwa mpya, hazikukusudiwa hivyo, na hizi zimeshatumika miaka. Utakachoona ni betri inayojaa vizuri nyumbani, halafu volti zinaporomoka ukikanyaga mchanga wa kwanza. Kibaya zaidi ni seli moja mbovu kati ya 65: inajaa kabla ya wenzake na kuisha kabla yao, inapata joto, na hapo ndipo moto unapoanzia.

Kama bado unataka, basi ifanye kazi kama kazi. Kila seli ipimwe uwezo wake kwa mashine ya kupimia, si kwa volti peke yake. Iliyokutwa chini ya volti 2 itupwe, hata kama imekubali kujaa. Zijaze zote, ziache wiki mbili, kisha zipime tena. Iliyoshuka zaidi ya wenzake ina uvujaji ndani. Panga ili kila kundi liwe na jumla sawa ya uwezo.

Usilehemu kwa risasi moja kwa moja kwenye seli. Joto la chuma cha kulehemu linaharibu ndani, hasa upande wa chanya wenye valvu ya usalama. Kuna mashine inayobandika nikeli kwa mpigo mmoja mfupi wa umeme. Tafuta hiyo au mtu mwenye nayo. Na nikeli iwe nikeli kweli, kwa maana sokoni kuna vipande vya chuma vilivyopakwa nikeli juu. Kikwaruze, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku mzima, chumvi ya Uvinza inatosha sana kwa kazi hiyo. Asubuhi kikiwa na kutu, si nikeli.

Halafu BMS, ule ubao mdogo wa ulinzi. Huo si wa hiari. Unakata betri ikijaa kupita, ikiisha kupita, au ikivutwa kupita kiasi, na unasawazisha seli. Kwa kontrola ya ampea 20 au 22, weka BMS ya ampea 30. Kabla ya kuchomeka ile plagi ya waya nyembamba za kusawazisha, pima kila waya kwa testa: kila hatua iongeze volti za kundi moja, kwa mpangilio. Waya mbili zikibadilishana, ubao unaungua papo hapo.

Asiye na mashine, testa na subira anunue betri iliyokamilika, kutoka kwa muuzaji anayekubali kukuambia seli ni za kampuni gani.

Naipimaje pembetatu, na betri naifungaje isicheze?

Chukua boksi la kadibodi. Kata kipande kinachoingia ndani ya pembetatu, ukiacha nafasi ya sentimita moja kila upande. Kisha zungusha pedali na upande baiskeli na kuendesha mtaa mzima ukiwa na hilo boksi, likiwa limejazwa mpaka upana unaotaka. Kama magoti yanagusa, punguza. Seli zikilala kwa ubavu, upana unakuwa urefu wa seli, milimita 65 au 70, ukiongeza sanduku unafika 80 au 85. Hapo magoti ya watu wengi yanapita.

Sanduku la bati au la alumini linatengenezwa na fundi yeyote wa mageti. Mwambie atengeneze kitanda cha pasi bapa kinachokaa juu ya bomba la chini, chenye kingo, na mkanda wa chuma kutoka bomba la juu. Kibane kwenye mabomba kwa bolti za herufi U, na kati ya chuma na chuma weka mpira wa tyubu ya gari. Mpira huohuo utandike ndani ya sanduku, chini na pembeni. Seli zenyewe zizungushiwe karatasi ngumu ya kuhami umeme kabla hazijaingia, kwa sababu bati likikwaruza plastiki ya seli, umetengeneza shoti. Betri ikiwa imefungwa, ishike uitikise: ikicheza hata kidogo leo, itacheza sana baada ya mwezi.

Usitoboe mabomba ya fremu. Usichomelee kitu kwenye fremu betri ikiwa ndani, wala kontrola ikiwa imeunganishwa. Na usitegemee zile kamba za plastiki za kukaza peke yake. Jua la hapa linazivunja kimyakimya.

Waya zitoke kwa chini ya sanduku na zipinde kidogo kushuka kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya kuingia. Karibu kabisa na chanya ya betri weka fyuzi ya ampea 30. Kontrola ikae nje ya sanduku, mahali penye upepo, kwa sababu yenyewe hutoa joto na betri haihitaji kuongezewa.

Nikichomeka betri inapiga cheche. Ni mbovu?

Hapana. Kapasita za kontrola zinajaa ghafla. Cheche hizo zinakula plagi taratibu. Ziko plagi aina ya XT90 zenye kizuizi ndani, zinazoizima cheche, nunua hizo.

Ekseli ya mota imezunguka na kukata waya. Nimekosea wapi?

Hukuweka mkono wa kuzuia ekseli. Mota inasukuma gurudumu mbele, na ekseli inasukumwa kinyume kwa nguvu ileile. Nati peke yake haitoshi. Ekseli nyingi za mota zina pande mbili bapa zenye upana wa milimita 10, kwa hiyo spana ya namba 10 inaingia hapo. Spana nzee ya chuma kizuri, ikatwe, ibanwe kwenye bomba la fremu kwa klempu mbili, na kazi imeisha. Kwa mota ya mbele ni lazima pande zote mbili, na uma unaoshika gurudumu la mbele uwe wa chuma. Uma wa alumini hupasuka bila kutoa onyo.

Itakwenda kilomita ngapi?

Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ni wati-saa 720. Tumia asilimia 85 tu, nyingine iachie betri ipumzike: 610 hivi.

Ukipiga pedali kidogo, bila mzigo, kwenye lami, utatumia wati-saa 12 kwa kilomita. Hapo unapata kilomita 50. Ukiwa na gunia kwenye njia ya mchanga, hesabu 20 au 22, na kilomita zinashuka mpaka 28 au 30. Kwihara na kurudi ni mchezo. Urambo, iliyo karibu kilomita 90, usiende na betri hii ukitegemea eksileta. Utafika kwa miguu yako, na baiskeli ni nzito kuliko ulivyoizoea.

Kuchaji kunakula umeme kiasi gani?

Betri hiyo ya wati-saa 720 ikiwa tupu itavuta kama uniti 0.85, kwa sababu chaja nayo inapoteza kidogo. Ukichukulia uniti kwa shilingi 360, ni shilingi 300 na kidogo. Weka bei ya risiti yako ya LUKU uone mwenyewe. Chaja ya ampea 3 itachukua saa tano au sita.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji?

Betri haidhuriki. Kinachodhurika ni chaja, umeme unaporudi kwa kishindo. Tumia kile kifaa cha kulindia friji.

Paneli ya sola naunganisha moja kwa moja?

Hapana. Paneli ya kawaida inatoa volti 18 au zaidi kidogo, betri inataka zaidi ya 54. Unahitaji kontrola ya sola inayopandisha volti na inayoweza kuwekwa kikomo cha betri yako kamili, au inveta yenye chaja ya kawaida. Paneli ya wati 200, jua likiwa zuri, itajaza betri hiyo kwa muda wa mchana mmoja.

Jua la Tabora linaiharibu betri?

Joto linaizeesha, na joto pamoja na kujaa kabisa linaizeesha maradufu. Bahati nzuri mji huu umepandwa miembe kila kona: paki kivulini. Ukifika nyumbani betri ikiwa ya moto, iache ipoe nusu saa kabla ya kuchaji. Kama safari zako ni fupi, chaji mpaka asilimia 80 au 90, ila mara mojamoja ijaze kabisa ili BMS ipate nafasi ya kusawazisha.

Na mvua?

Manyunyu hayana neno kama waya zimetoka chini na sanduku lina mpira kwenye mfuniko. Usivuke maji yanayofika kwenye ekseli: mota ina tundu la waya, na maji hupita hapo. Usioshe kwa mashine ya presha.

Nichaji wapi ili nisichome nyumba?

Sakafuni, kwenye saruji, mbali na godoro, mapazia na mlango wa kutokea. Hili la mlango watu hulisahau. Usichaji usingizini. Tumia chaja ya volti za betri hiyohiyo. Chaja ya betri ya seli za 18650 ya volti 54.6 na ya LFP ya 58.4 zinaweza kuwa na plagi zinazofanana kabisa, kwa hiyo ziandike kwa rangi.

Betri ikivimba, ikinuka kitu kitamu kama dawa ya rangi, au ikipata joto bila kutumika, ipeleke nje uwanjani na uiache peke yake. Ikishika moto, toa watu kwanza, usivute moshi wake, piga 114 kuita Zimamoto. Maji mengi ndiyo yanayosaidia, kwa kuwa yanapooza seli ambazo bado hazijawaka.

Niagize betri kutoka Dar kwa ndege ili ifike haraka?

Haitapanda. Kikomo cha abiria ni wati-saa 100, au mpaka 160 kwa kibali cha shirika la ndege, na betri yetu ni mara nne au tano ya hapo. Itakuja kwa barabara au kwa treni. Iombe isafirishwe ikiwa na chaji nusu, plagi imezibwa kwa tepu, ndani ya boksi lisilobonyea.

Mimi niko Kigoma. Kutoka stesheni kupanda Mwanga itaweza?

Fanya hesabu ya uzito. Wewe, baiskeli na mfuko wa samaki ni kama kilo 110. Kwenye mteremko wa asilimia 5, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, gurudumu linahitaji karibu wati 300. Ongeza abiria au mzigo wa kilo 60, unafika 440 au zaidi. Mota ya habu yenye gia ya wati 500 itapanda Barabara ya Lumumba ukiisaidia kwa pedali. Isiyo na gia itapanda mara chache, kisha itaanza kunuka. Ukiwa na safari za kupanda kila siku, nunua mota ya kwenye pedali, ile inayotumia cheni na gia za baiskeli yenyewe. Mlimani inashinda zote, ingawa inakula cheni.

Kuna jambo la Mwanga linalochekesha kidogo. Baadhi ya mota zisizo na gia zinaweza kurudisha umeme kwenye betri zinapofunga breki. Lakini anayeishi juu anatoka nyumbani betri imejaa na anaanza kwa kushuka, kwa hiyo umeme unaorudi hauna pa kwenda, na BMS inaweza kukata kila kitu katikati ya mteremko, hiyo breki ya mota nayo ikiwemo. Mtu wa namna hiyo achaji mpaka 85 tu, na asiache kuwa na breki za kawaida nzuri.

Breki za vyuma vya kuvuta zinatosha?

Kwa kilomita 15 kwa saa, ndiyo. Kwa 30 na mzigo, hazitoshi, na mvua ikinyesha hazipo kabisa. Angalau breki ya mbele iwe ya waya yenye mpira mpana au ya diski, na mikono ya breki iwe na swichi ya kuizima mota unapoibana.

Naweza kubeba abiria kwa malipo?

Kubeba abiria kwa malipo ni biashara ya usafiri. Pitia ofisi ya LATRA na ya trafiki ya mkoa kabla hujanunua chochote, uende na maelezo ya mota: wati zake, mwendo wake wa juu, na kwamba pedali zinafanya kazi.

Inakata ghafla nikiongeza eksileta, halafu inarudi. Kontrola imekufa?

Mara nyingi si kontrola. Pima volti za betri baiskeli ikiwa imesimama, kisha mtu mwingine apime huku gurudumu likizuiliwa kidogo. Zikiporomoka kwa volti sita au zaidi, tatizo ni betri: seli zimechoka, au kundi moja limelegea nikeli. Fungua, pima kundi moja moja, litakalokuwa chini ya wenzake ndilo. Kama volti zimetulia na bado inakata, kagua plagi ya waya tatu nene za mota na ile ya waya tano nyembamba za sensa za mota. Vumbi la hapa huingia humo, na pini moja iliyorudi nyuma inatosha kuisimamisha baiskeli nzima. Mota inayotetemeka bila kuzunguka, mara nyingi shida iko kwenye hizo nyembamba.

Nikisafiri miezi miwili?

Iache ikiwa na nusu au zaidi kidogo, seli ya 18650 kwenye volti 3.7 au 3.8. Itoe kwenye fremu, iweke chumba kisicho na joto, itenganishe na kontrola, kwa kuwa kontrola hunyonya kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa. Chaja usiiache imechomekwa.